Viota vya Rasta

Shomoro si ndege wa kusifiwa. Rangi yake ni ya vumbi, anakula chochote anachokiona, na wimbo wake, kama tutakubali kuuita wimbo, ni neno moja analolirudia kutwa nzima. Nimeishi naye hapa Kambarage, Shinyanga mjini, miaka yote niliyosuka nywele kwenye ua wa nyumba niliyopanga, na kwa muda mrefu nilimchukia. Alijenga kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, juu kabisa ya kibanda changu cha saluni. Mteja anakaa kwenye kiti, hajapata hata mstari mmoja kichwani, tayari ameshadondoshewa kinyesi begani, na lawama zote zinanijia mimi.

Kwa hiyo mwenye nyumba alipoleta fundi kuuziba uwazi ule kwa saruji, nilimnunulia fundi soda. Ilikuwa kiangazi, viota vilikuwa vitupu, sikuona dhambi yoyote. Jioni shomoro walirudi kulala wakakuta ukuta. Walijipanga kwenye kamba ya nguo wakipiga kelele, wanaruka kuugusa ukuta, wanarudi kwenye kamba. Mimi niliingia ndani kupika. Mdogo wangu alibaki nje akiwatazama mpaka nilipomwita kula.

Huyo mdogo wangu ndiye kitinda mimba wa mama yetu, Mungu amrehemu. Wakati ule alikuwa amerudi kutoka machimboni Geita, hajamaliza hata miezi minne. Sisemi habari ya mgodi mkubwa wenye uzio na walinzi. Nasema maduara ya wachimbaji wadogo, mashimo ambayo mtu huyateremka kwa kamba, na kuta zake huzuiwa zisibomoke kwa magogo ambayo wenyewe huyaita matimba. Kazi yake ilikuwa hiyo ya kupanga matimba. Alikuja na begi moja na kikohozi, akasema amekuja kupumzika, nami sikumhoji, maana habari ilikuwa imenifikia kabla yake.

Habari yenyewe ni hii. Shimo lilititia wakati wa mvua. Yeye alikuwa juu. Chini alikuwepo mwenzake, kijana wa Songwa huko Kishapu, mtoto pekee wa mama mjane; yeye na mdogo wangu walilala turubai moja na kula sahani moja kwa miaka. Bomba la plastiki lililokuwa likipeleka hewa chini halikukatika, na kupitia bomba hilo walimsikia akisema yuko hai, yuko kwenye kichumba kidogo, hajavunjika popote. Wengine wakaanza kuchimba kumfuata. Mdogo wangu akapewa kazi ya bomba: kupika uji mwepesi, kuumimina, na kuzungumza na aliyeko chini. Yule aliupokea kwa kofia yake ya kazi. Siku za kwanza alikuwa akitania, anauliza mpishi ni nani, mbona sukari hakuna.

Halafu asubuhi moja akanyamaza. Mdogo wangu aliita, akamimina, akaita tena. Kesho yake vilevile. Mwenye duara akamwambia, "Unalisha maiti, bwana mdogo." Mvua ilikuwa haikatiki, kifusi kinaendelea kushuka, na wachimbaji wakakataa kuteremka tena. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Bomba lilizibwa kwa kitambaa, watu wakatawanyika, na kijana wa Songwa akabaki humo humo.

"Dada," aliniambia siku aliyoamua kuzungumza, "alikufa siku ile aliyonyamaza. Si ndiyo? Yule hakuwa mtu wa kunyamaza."

Nilimjibu ndiyo. Mtu aliye hai angejibu. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kwa sababu niliamini, na pia kwa sababu ndilo jibu alilokuwa amelifuata kwangu. Akashukuru. Baada ya siku chache akauliza tena, kwa maneno tofauti kidogo, nami nikajibu vilevile. Ikawa hivyo. Ninasuka, yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mteja akitoka tu anauliza kama alikuwa amekufa walipoacha kumpa uji. Hakuwa na jambo jingine duniani. Hakutafuta kazi, hakutafuta mke, hakwenda Songwa kumwona yule mama, ingawa ni mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Baada ya ukuta kuzibwa alikwenda sokoni akarudi na matenga ya nyanya yaliyovunjika. Akayachambua mbao, akanyoosha misumari kwa jiwe, akaanza kugonga masanduku madogo, kila moja na mlango wa kufungulia pembeni. Tundu la kuingilia hakulichonga. Alipasha kipande cha bomba la chuma kwenye jiko langu mpaka kikawa chekundu, akakisukuma kwenye ubao, moshi ukajaa ua mzima. Nilimuuliza kwa nini tundu lisiwe kubwa, akasema likiwa kubwa kwezi ataingia, na kwezi ni ndege mkubwa kuliko shomoro, mnyang'anyi. Nilishangaa amejua lini habari za kwezi. Majirani walipata la kusema. Kijana mzima, wakasema, hana hata kibanda, anawajengea ndege. Mimi nilikasirika zaidi yao lakini nilikasirika kimya, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumwona akishika nyundo.

Sanduku la kwanza aliliezeka kwa bati. Huku kwetu nyumba ni bati. Mtu akipata hela Geita, jambo la kwanza ni kutoa nyasi juu ya nyumba ya wazazi na kupiga bati, na aliye na bati hasemwi vibaya. Akawapa ndege heshima hiyo hiyo. Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, jozi moja iliingia, jike akataga, halafu jua la Shinyanga likarudi kwa wiki nzima bila wingu. Alipofungua akakuta mayai mawili yameharibika na la tatu limepasuka lenyewe. Sikumcheka. Akang'oa bati, akaweka ubao na kipande cha nailoni, akayahamishia masanduku yote ukuta wa kaskazini ambako mwarobaini wa jirani unatupa kivuli.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali pamoja kutwa na macho yangu hayakuwa na pa kwenda. Dume ndiye anayechagua sanduku. Anakaa mlangoni anapiga kelele, anaingia, anatoka, anaingia, mpaka jike aje kukagua. Jike akikubali, wote wawili wanabeba. Kwanza nyasi ndefu, ovyo ovyo tu, nyingine zinaning'inia nje ya tundu. Wakishajaza, jike anaanza kutafuta vitu laini vya ndani: manyoya ya kuku, pamba ya godoro, uzi wa gunia. Na pale uani kwangu palikuwa na kitu laini kuliko vyote.

Lazima nieleze jambo hili kwa mtu asiyekaa saluni za kwetu. Hakuna mwanamke anayeacha nywele zake kwenye sakafu ya msusi. Nikimfumua mtu, zile zinazotoka kwenye kitana anazikusanya mwenyewe, anazifunga kwenye karatasi, anaondoka nazo, au tunazichoma hapo hapo mbele ya macho yake. Wanasema ndege akizijengea kiota, kichwa hakitaacha kukuuma, na wengine wanasema hata akili inaweza kukuruka. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba mimi pia nazichoma zangu. Kwa hiyo ua wangu haujawahi kuwa na unywele wa mtu hata mmoja. Lakini rasta si nywele za mtu. Rasta ni nailoni ya dukani, haina mwenyewe, haina kichwa cha kuuma. Tukishachovya ncha kwenye maji ya moto na kupunguza nyuzi zinazochomoza kwa mkasi, vipande vinaanguka, upepo unavisukuma mpaka kwenye uzio, na hakuna anayehangaika navyo. Wateja walifurahi kuona ndege wanavichukua. Mmoja alikuwa anachambua kabisa nyuzi zake za zambarau na kuwarushia. "Wachukue hizi," alisema, "wajipambe."

Mdogo wangu alipofungua mlango wa pembeni kunionyesha, nilicheka kwa furaha. Ndani ya mpira wa nyasi palikuwa na kikombe kilichosukwa kwa rasta nyeusi, rasta ya kahawia, na kidogo ya zambarau, laini kuliko kazi yangu. Mayai yalikuwa manne, ya kijivu yenye madoa. Nilijisikia fahari, nakiri, kana kwamba mimi ndiye niliyesuka.

Makinda walitoka watatu. Yai la nne halikuanguliwa, na wazazi walilitupa nje. Kuanzia hapo ikawa kazi tu. Shomoro mkubwa anakula mchele na makombo, lakini watoto wake hawapi mchele. Anawaletea viwavi, panzi wadogo, na kumbikumbi walipotoka baada ya mvua aliwaletea wakiwa bado na mabawa. Anaingia na chakula, anatoka na kinyesi cha mtoto kimefungwa kama kijifuko cheupe, anakwenda kukitupa mbali. Mdogo wangu aligundua utaratibu wao kabla yangu. Hawagawi kwa zamu, alisema. Anayelia zaidi na kupanua mdomo zaidi ndiye anayepewa. Alilisema hilo akiwa ameshika kikombe cha chai, kwa sauti ya kawaida, nami sikulitilia maanani.

Makinda wawili waliruka siku moja. Waliangukia kwenye majani, wazazi wakawafuata wakiwaita, na kabla ya jua kuzama walikuwa juu ya uzio. Wa tatu alibaki. Tulimsikia akilia ndani, sauti nzito ya ndege aliyekwisha kukua, na siku iliyofuata bado alikuwemo, na iliyofuata. Wazazi waligawana: dume na wale wa nje, jike na yule wa ndani. Tulidhani ni mvivu. Wateja wakamtania mdogo wangu kwamba kinda huyo amemuiga yeye, amegoma kuhama kwa dada yake. Akatabasamu. Alikuwa anatabasamu siku hizo, na swali lake alikuwa hajaliuliza kwa karibu mwezi mzima. Nilianza kufikiri labda limeisha.

Asubuhi moja kinda hakulia. Jike alikuja na kiwavi, akaingia, akatoka nacho bado mdomoni. Akakaa juu ya sanduku, akaingia tena, akatoka nacho tena. Mwishowe akakila mwenyewe. Alirudi mara chache kabla ya saa sita, kisha hakurudi. Alasiri nilimwona kwenye uzio akiwalisha wale wawili, na hakugeuka hata mara moja.

"Amekufa," nikasema. Nilikuwa na mteja, mikono yangu imejaa. "Kesho ulisafishe hilo sanduku."

Hakungoja kesho. Alifungua mlango wa pembeni akaniita, si kwa kelele, lakini nilimwacha mteja kwenye kiti nikaenda. Kinda alikuwa mzima wa umbo, ana manyoya yote ya kurukia. Mguu mmoja ulikuwa umezungukwa na nyuzi za rasta, zimekaza mpaka kwenye mfupa, na chini ya nyuzi mguu ulikuwa mweusi na mkavu. Alikuwa amevuta na kuvuta. Kikombe chote cha kiota kilikuwa kimenyanyuka na kugeuka kamba moja iliyomfunga na sanduku. Nilichukua wembe nikakata. Mdogo wangu akampokea kiganjani.

"Ana joto," akasema.

Kweli alikuwa na joto. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Nilipomgusa upande wa mdomo aliufungua, wote, ule mdomo wa njano ndani mwekundu, akauacha wazi kuomba, na hakuna sauti iliyotoka. Nguvu za kulia zilikuwa zimemwishia, basi. Uhai ulikuwa bado.

Nilimtazama mdogo wangu usoni nikaona jambo ambalo ningetoa chochote lisitokee. Hakulia. Alisema taratibu, "Alinyamaza, dada. Na yuko hai." Nikamwambia huyo ni ndege. Nikasema ndege na mtu wapi na wapi. Nilisema mengi, nikapandisha sauti mpaka mteja akainuka kitini, kwa sababu niliona jibu langu la miezi yote, lile nililompa kwa moyo mweupe, limeanguka chini pale pale na sikuwa na jingine. Yeye alikuwa anajaribu kumpa kinda kipande cha panzi. Hakikumezwa. Kinda alikufa kiganjani mwake kabla hatujala.

Baada ya hapo hakuniuliza tena kamwe. Alipakua masanduku yote, akatoa rasta uzi kwa uzi, akayarudisha ukutani. Akakaa mpaka mvua zilipokwisha na ardhi ikakauka, kisha akafunga begi. Nilimwambia nitakwenda polisi, nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nitalala mlangoni. Nilimwambia duara lile litammeza na yeye na sitakuwa na mtu. Alisikiliza yote. "Nikikaa hapa," akasema, "nitakuwa namsikia. Afadhali nikaone." Nikamfungia viazi na karanga za njiani. Mtu ukishindwa kumzuia, unampa chakula.

Kule alikuta shimo lao limejaa na hakuna anayelikaribia. Alipata wenzake wa zamani waliokubali kuingia kupitia duara la jirani, la zamani, lililoachwa kabla hata wao hawajafika Geita. Hawakuchimba sana. Hilo ndilo alilonieleza siku aliyorudi, amekaa kwenye ile ndoo, sanduku lenye mwili wa mwenzake likiwa kwenye gari nje ya geti likisubiri kwenda Songwa.

"Hatukuchimba sana, dada," alisema. "Yeye alikuwa ameshachimba."

Hawakumkuta kwenye kichumba, wala kwenye mdomo wa bomba. Alikuwa mbali nalo. Alikuwa ametoboa njia yake mwenyewe kuelekea duara lile la zamani, kwa tindo, na tindo ilipokatika, kwa mikono. Alijua liko upande ule. Alikuwa amechomoa matimba yaliyoanguka akayapanga juu yake kila alipokwenda, vizuri, kama alivyofundishwa na mdogo wangu. Kofia alikuwa nayo pembeni. Hakujibu kwa sababu alikuwa ndani ya njia ile anafanya kazi, na labda alirudi kunywa uji wakati wao wamelala, na labda sauti ilikuwa imemwishia. Mchimbaji anaujua mwamba. Anajua mtu mmoja mwenye njaa anakwenda kiasi gani kwa siku. Mdogo wangu aliitambaa njia yote akiipima kwa mwili wake. Alisema mchimbo ule si wa siku alizokuwa akijibu, wala si wa siku mbili za kunyamaza. Ni wa siku nyingi baada ya kitambaa kuwekwa kwenye bomba. Ukuta uliobaki kati yake na duara la zamani ulikuwa unene wa mkono mmoja.

Nilimshika kichwa kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo na homa, na tukakaa hivyo mpaka dereva alipopiga honi.

Songwa tulifika mchana. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, kaburi limechimbwa tayari, nyuma ya nyumba, karibu na la baba yake. Hatukukawia, hakukuwa na cha kufunua wala cha kuaga. Mama wa marehemu ni mwanamke mfupi, mnyamavu, aliyevaa kitenge kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani. Watu walipokwenda kunawa, alimwita mdogo wangu akae karibu naye kwenye mkeka, nami nikakaa nyuma yao.

"Shikamoo, mayu," mdogo wangu akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu." Alimshika mkono akaugeuza, akaangalia kiganja. "Ni wewe uliyekuwa unampa uji?"

"Ni mimi."

"Alikuwa anakunywa?"

"Alikuwa anakunywa, mayu. Alikuwa anatania hauna sukari."

Yule mama aliinamisha kichwa. Nilidhani yameisha. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeuliza njia, "Na siku ile mliyoacha, alikuwa ameshakufa?"

Niliona mgongo wa mdogo wangu ukisimama. Nilitaka kuingilia, nijibu mimi, nichukue hilo angalau. Hakunipa nafasi.

"Alikuwa ameshakufa," akasema. "Alikufa siku aliyonyamaza. Hakuteseka."

"Wabeja," yule mama akashukuru. "Wabeja sana. Nilikuwa naogopa labda alikuwa anawasubiri."

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa bado kwenye mkono wa mama yule.

"Hakutusubiri, mayu," akasema, na hilo lilikuwa kweli.